Kumpima Mtu Asiyeonekana

Kadi huanza na boksi. Mama Fundi huchukua boksi la sabuni au la majani ya chai, hulifungua hadi likalala bapa, halafu hupitisha kidole gumba upande wa ndani akitafuta mikunjo. Palipokunjwa hapafai. Kitambaa, husema, ukikipiga pasi kinasahau, boksi halisahau. Akipata sehemu iliyo nzima huitia alama kwa chaki yake ya fundi, sentimita 14.8 kwa 10.5, kisha huikata kwa mkasi wa pili, ule mkuukuu. Mkasi wa nguo haugusi karatasi nyumbani kwake. Nilijaribu mara moja kuuchukua kwa kuwa ulikuwa karibu, akanishika mkono kabla sijaufikia.

Nimekaa naye barazani jioni nyingi, mwaka wa nne sasa, nikiitazama kazi hiyo, na kila mara naona kitu ambacho jioni iliyotangulia kilinipita. Jina lake sitaliandika. Mtaani wakubwa kwa wadogo humwita Mama Fundi, na ukifika avenue yetu ukalitaja jina hilo utapelekwa hadi mlangoni. Mchana hushona sare za shule, magauni ya sherehe, na suruali za mitumba zinazohitaji kufupishwa. Jua likishazama nyuma ya milima ya Congo, ng'ambo ya ziwa, na moshi wa mishikaki ukaanza kutembea mtaani, hulifunga daftari la wateja, huvuta kiti karibu na taa, na kuwashonea kadi watu asiowajua: mwalimu wa Taiwan, dereva wa lori wa Ujerumani, bibi wa Kanada aliyestaafu. Hajui sura zao wala sauti zao. Ana anwani tu, na mistari mitano au sita ambayo kila mmoja amejieleza.

Bwiza, hapa Bujumbura, ni mtaa unaofaa kwa kazi ya namna hii. Avenue zake zina namba badala ya majina, zimenyooka na kukatana kama kitambaa cha drafti, na waliokaa ndani yake walitoka pande nyingi, kutoka vilimani, kutoka Uvira, kutoka Kigoma, wakakutana katika Kiswahili. Wazee wanaukumbuka ulipoitwa Belge, siku ambazo Buyenzi, ambayo ni pua na mdomo nasi, ilijulikana kama kambi ya Waswahili. Mtu wa hapa amezoea kujieleza kwa jirani mpya. Lakini posta haiji mlangoni. Barua za Bujumbura hulala kwenye masanduku ya posta, herufi B.P. na namba yake, na Mama Fundi hutumia sanduku la shemeji yake. Kadi iliyotoka upande wa pili wa dunia humaliza safari yake mfukoni mwa shati la shemeji.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Tarehe 14 Julai 2005, kijana wa Kireno aitwaye Paulo Magalhães alianzisha mpango wa Postcrossing, akiuendesha kwa kompyuta kuukuu iliyokaa ndani ya kabati la nguo nyumbani kwake. Ukijiunga unapewa anwani ya mtu mmoja kwa bahati nasibu, pamoja na namba ya kadi. Za kwetu huanza na herufi BI. Unamtumia kadi. Akiipokea na kuisajili namba ile, anwani yako nayo hupewa mtu mwingine kabisa, na huyo ndiye atakayekuandikia. Kadi zilizokwisha kufika kwa njia hiyo zimepita milioni 60. Nilipomweleza Mama Fundi mara ya kwanza nilitumia maneno mengi, naye akanikatiza: "Kumbe ni upatu." Ni upatu kweli. Unatia kwa huyu, unapokea kwa yule, na mzunguko mzima umesimama juu ya imani kwamba kila mtu atatia. Kilichomfurahisha zaidi lakini ni lile kabati la nguo.

Kazi yangu mimi ni ndogo. Nina Kiingereza kidogo kumzidi, basi humsomea na humwandikia. Kila kitu kingine ni chake, na cha kwanza ni kupima.

Fundi wa nguo hamwamini mteja anayejitajia vipimo. Mteja husema kiuno chake ni kile cha mwaka juzi. Utepe wa kupimia husema vingine. Kwa hiyo Mama Fundi akipewa anwani mpya hunitaka nisome mistari ya mgeni mara mbili, polepole, kwa Kiswahili, na husikiliza hivyo hivyo anavyozungusha utepe. Jioni moja nilimsomea maneno ya mwanamume wa Uingereza. Akauliza, "Anakaa peke yake?"

"Hakusema, Mama."

"Ametaja paka watatu kabla ya kutaja kazi yake?"

"Ndiyo."

"Basi anakaa peke yake. Tena jioni zake ni ndefu. Huyu usimletee rangi za kupiga kelele, mwanangu."

Sina njia ya kujua kama alipatia. Ila nimeona majibu yanayorudi, yale maneno machache ambayo mpokeaji huandika anaposajili kadi, na mara nyingi mno watu wanauliza kitu kilekile: alijuaje?

Kadi ninayoikumbuka kuliko zote ilikwenda kaskazini ya mbali ya Ufini. Mwenyewe alikuwa ameandika kwamba mahali anapoishi, majira ya baridi yakikolea, jua halichomozi kwa wiki kadhaa. Mama Fundi aliniuliza mara tatu kama nimesoma vizuri. Nikamweleza dunia inavyolala upande kidogo inapozunguka jua, nikatumia chungwa na taa, akaridhika. Nilitegemea atachagua manjano. Gunia la vipande lilikuwa miguuni pake na manjano yalikuwa juu kabisa. Akatoa kitenge cha buluu nzito, karibu cheusi, akafunika nacho kadi nzima, kisha akakata utepe wa rangi ya chungwa usiozidi upana wa kidole cha mwisho, akaulaza chini, pale ambapo jicho hufika mwisho. Nikamwuliza kwa nini kidogo hivyo. Akasema mwenye njaa humwonyeshi sinia, unampa tonge.

Maneno aliyonipa niyaandike nyuma yalikuwa haya: "Hapa jua huzama saa kumi na mbili jioni, mwaka mzima. Tumelizoea. Leo nimekaa nje nikalitazama kwa ajili yako." Hakuongeza neno. Nami nilikuwepo, kweli alikuwa ameacha sare za watu mezani akaenda kusimama njiani, mikono nyuma, mpaka milima ikawa myeusi.

Sasa nizungumzie kushona, maana hapo ndipo ufundi ulipo na ndipo ninapopenda kukaa kimya nitazame. Kushona kitambaa juu ya karatasi si kama kushona kitambaa juu ya kitambaa. Uzi ukipita kwenye nguo, nyuzi husogea na kuipisha sindano, halafu hurudi. Karatasi haisogei. Kila tundu ni jeraha la kudumu, na matundu yakikaribiana kadi huchanika palepale kwenye mstari, kama stempu inavyochanwa kutoka kwa jirani yake. Kwa hiyo kwanza hurefusha hatua ya mshono, milimita nne hivi, mara mbili ya anavyoshona sare. Pili hulegeza uzi wa juu ili usiikunje kadi. Tatu hutoa sindano nzuri na kuweka iliyokwisha kuchoka, kwa sababu karatasi hula makali ya sindano kuliko jinzi.

Kabla ya hayo yote kuna gundi. Hupika uji mzito wa unga wa muhogo, huupoza, huupaka kwenye boksi kwa ncha za vidole, mwembamba kiasi cha kutoonekana. Ukizidi, kitambaa hulowa na rangi huvuja. Ukipungua, kinapanda juu kama ngozi iliyoungua. Hulaza kipande, hukibonyeza kuanzia katikati kwenda pembeni, kisha hukipiga pasi ya mkaa kwa upande wa nyuma, juu ya kitambaa kikavu, bila kusukuma. Anaiinua na kuiweka, anaiinua na kuiweka. Pasi inayosukumwa huburuta uzi wa kitambaa ukapinda, na uzi uliopinda, anasema, macho hayauoni lakini mwili unauhisi.

Halafu cherehani. Hashoni kadi kwa mwendo wa miguu. Huondoa miguu kwenye kikanyagio na kulizungusha gurudumu kwa mkono, tundu moja moja. Kwenye kona hushusha sindano ikazama, huinua mguu wa cherehani, hugeuza kadi robo duara, hushusha tena. Akifika mwisho harudi nyuma kukaza mshono, kama sisi sote tunavyotegemea, maana kurudi kungeikata kadi. Huvuta nyuzi mbili upande wa nyuma na kuzifunga fundo kwa mkono. Kisha hubandika karatasi nyeupe juu ya nyuma hiyo ili mafundo yafichike na kalamu ipate mahali pa kutembea, na kadi hulala usiku kucha chini ya rundo la sare zilizokunjwa, pasi ikiwa juu yake, baridi. Asubuhi ni bapa. Nimeishika nikijua nyuma ya karatasi ile kuna mafundo manne, na sijawahi kuyapata kwa kidole.

Uso wa kadi hupangwa kama kanga. Hilo sikuliona mpaka aliponionyesha: pindo linazunguka, mji uko katikati, na chini kuna nafasi ya jina. Kanga bila jina ni leso tu. Kwa hiyo kila kadi ina maneno machache ya Kiswahili upande wa mbele, aliyoyatunga mwenyewe, na hakubali niyatafsiri hapohapo. Mgeni akitaka kujua, atamwuliza Mswahili. Watu wawili watakuwa wamezungumza. Ni kanga pia, naamini, iliyomfundisha ufupi. Mtu aliyekulia kati ya wanawake waliosema yote waliyotaka kusema kwa mstari mmoja kiunoni hashangazwi na udogo wa kadi.

Vipande vyenyewe vina ukoo. Katika gunia lake kuna vitambaa vya wax ambavyo vikienda Uholanzi ninahisi vinakwenda kumsalimia babu, kwa kuwa kiwanda cha Vlisco cha mjini Helmond, kilichoanza mwaka 1846, kilijifunza kuiga batiki ya Java, na nguo zilizokusudiwa watu wa Java zikaishia kupendwa na Waafrika. Kuna vingine vya China, vya bei nafuu, vyenye rangi inayokubali pasi bila manung'uniko. Na kuna mfuko mdogo ndani ya gunia ambao haufunguliwi ovyo: mabaki ya vitambaa vilivyonunuliwa soko kuu la Bujumbura kabla halijaungua tarehe 27 Januari 2013. Siku hizi hununua Ruvumera, kule Buyenzi, na hana malalamiko. Lakini mgeni akiandika kwamba amepoteza kitu, nyumba au mtu, mkono wa Mama Fundi huelekea kwenye mfuko ule, naye haelezi sababu kwenye kadi.

Hakuzaliwa akijua haya. Mwaka wa kwanza alishona kifungo katikati ya kadi, kifungo cha mfupa, kizuri, kikiwa ndicho jicho la samaki. Miezi miwili baadaye mpokeaji aliandika kwa upole kwamba kadi imefika na kifungo hakikufika. Kulikuwa na tundu. Mashine zinazopanga barua huzipitisha kadi katikati ya mikanda inayokwenda kasi, na chochote kilichoinuka hunaswa. Nilidhani atacheka. Aliweka mikono mapajani akasema, "Nimemvisha mtu nguo inayobana." Tangu hapo hakuna kinachoinuka kwenye kadi zake, hata uzi. Kutokana na mashine hizo hizo alijifunza kuacha ukanda mtupu chini ya upande wa maandishi, kwa kuwa huko ng'ambo mashine hupiga mistari yake hapo na kuyafunika maneno. Na namba ya kadi tunaiandika mara mbili, mahali pawili, ili tone la mvua likifuta moja nyingine ibaki. Namba ikifutika, kadi imefika lakini haina njia ya kusema kuwa imefika.

Nimemwuliza kwa nini asiitie kwenye bahasha, yakaisha yote haya. Akasema nguo inayosafiri ndani ya sanduku haijavaliwa.

Maneno yalikuwa na shule yake, na hapo mwanafunzi alikuwa mimi. Sisi tumelelewa na barua ndefu. Salamu nyingi kama mchanga wa bahari. Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Ama baada ya salamu. Ni adabu nzuri na ninaipenda. Waliosema salamu ni nusu ya kuonana walijua wanachosema. Lakini upande wa kushoto wa kadi una nafasi ya kiganja, na ukiziachia salamu zetu zitakaa viti vyote, habari ibaki imesimama mlangoni. Kadi ya kwanza niliyomwandikia ilianza kwa salamu, ikafuata kwamba Bujumbura ndio mji mkubwa kuliko yote nchini, kwamba uko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, ziwa la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, mita 1,470. Nilijivunia zile mita. Mama Fundi alinisikiliza hadi mwisho.

"Hayo yako kwenye kitabu," akasema. "Kwani yeye hana kitabu?"

"Anacho, Mama."

"Basi punguza."

"Nipunguze wapi?"

"Mabegani."

Mabegani ni pale juu, kwenye salamu na sifa. Nikakata. Akasema bado. Nikakata tena, mpaka likabaki jambo moja ambalo lilikuwa limetokea avenue yetu asubuhi ile: muuza dagaa amepita mapema kuliko kawaida na watu wametoka na sahani wakiwa hawajanawa uso. Likaandikwa hilo, mistari mitatu, na chini yake likaandikwa jina lake. Mgeni alijibu kwamba ameisoma kadi kwa sauti mezani kwa watoto wake na sasa wanataka kujua dagaa wanaonjaje.

Hadi leo hiyo ndiyo kanuni: jambo moja, la leo au jana, lililoonekana kwa macho ya hapa. Mgeni ana dunia nzima ya kumweleza habari za dunia.

Inanigusa kwamba hata hiyo nafasi ya kiganja ililetwa baadaye. Kadi ya kwanza ya posta ilitolewa na Austria-Hungary tarehe 1 Oktoba 1869, baada ya Emanuel Herrmann, mwalimu wa uchumi, kuandika gazetini kwamba ni hasara kulipia barua nzima kwa ajili ya ujumbe mfupi. Kadi zenye picha zilipoenea, mgongo wote ulikuwa wa anwani tu. Ni mwaka 1902 ambapo Uingereza ilikubali mgongo ugawanywe, ujumbe kushoto na anwani kulia, na nchi nyingine zikafuata. Kabla ya hapo mtu aliandika juu ya picha yenyewe. Nimewahi kumwonyesha Mama Fundi nakala ya kadi ya Unguja ya zama hizo, ya studio ya A.C. Gomes, na mkono wa mwandishi ulikuwa umepita juu ya paa na kando ya ukuta, ukijibana kama mtu anayepishana na mzigo kwenye kichochoro. Aliitazama kwa heshima kubwa. "Huyu alikuwa fundi," akasema. "Hakupoteza hata shubiri."

Nakala nyingine niliyomwonyesha aliipokea tofauti. Casimir Zagourski, Mpolandi aliyekuwa na studio Léopoldville kuanzia miaka ya 1920, alipiga picha nyingi za Congo na za Ruanda-Urundi akazitoa kama kadi, mfululizo alioupa jina la Kifaransa lenye maana ya Afrika inayotoweka. Ni picha nzuri, mwanga umepimwa, watu wamesimama kwa fahari. Maelezo ya chini huwataja kwa kabila au kwa mahali, majina yao hayapo. Mama Fundi alichunguza kwanza vazi, namna lilivyofungwa begani, akaliiga kwa kanga yake ili ajue fundo lilikuwa upande gani. Kisha akauliza, "Huyu aliambiwa kadi inakwenda kwa nani?" Sikuwa na jibu. Alirudisha nakala mkononi mwangu, na jioni ile kadi aliyoishona aliitia sahihi kwa jina lake lote, la ubatizo na la nyumbani, kwa uzi mwekundu.

Stempu huchagua mwenyewe dirishani, na hapo foleni hujifunza subira. Burundi imewahi kutoa stempu nzuri sana. Samaki wa mwaka 1967, kwa mfano, wanatafutwa na wakusanyaji hadi leo. Ila anazozipenda yeye ni za zamani zaidi, zile zilizobadilishwa jina, na amezipata mbili tu, kutoka kwa marehemu mjomba wake. Wabelgiji walipoingia hapa mwaka 1916 na kuwaondoa Wajerumani walichukua stempu za Congo yao wakazipiga chapa ya neno URUNDI juu yake. Mwaka 1962 uhuru ulipopatikana, na Usumbura ikawa Bujumbura, stempu za Ruanda-Urundi zilipigwa chapa ya Ufalme wa Burundi. Ufalme ukaondolewa Novemba 1966, na stempu za Ufalme nazo zikapigwa chapa ya Jamhuri. Mwanahistoria angeona tawala zinazopokezana. Mama Fundi aliona nguo ya kaka mkubwa iliyopunguzwa ikavaliwa na mdogo, kisha ikapunguzwa tena. Alinionyesha kwa ncha ya sindano mahali ambapo jina jipya limekaa vizuri juu ya la zamani na mahali ambapo mpiga chapa alikuwa na haraka.

Dirishani humwomba dada wa posta apige muhuri kwa mkono, taratibu, katikati ya stempu, na wino usigusane na maneno. Siku hizi haombi tena. Dada akimwona anafuta muhuri kwa kitambaa kwanza.

Kuna sehemu moja ya kazi hii ambayo ningeilipia kiingilio kuitazama, nayo ni anwani. Wageni wengi huandika anwani zao kwa herufi za kwao, na posta ya kwao huzisoma kwa urahisi zaidi zikiwa hivyo. Ningeweza kuzichapisha na kuzibandika. Mama Fundi hataki. Anwani ya Taiwan au ya Japani huichukua kama ruwaza ya tarizi: huhesabu mistari ya kila herufi, hutafuta upi umelala na upi umesimama, hujaribu kwenye karatasi ya kukatia mara nne au tano, ndipo huandika. Hajui herufi hata moja inasemaje. Lakini mpokeaji mmoja wa Taiwan aliandika kwamba mwandiko wa anwani ulimfanya adhani kadi imeandikwa na mtoto mwenye bidii wa darasa la pili, na kwamba alikaa nayo muda mrefu kabla ya kuigeuza. Mama Fundi alilichukua neno hilo, mtoto mwenye bidii, kama watu wanavyochukua cheti. Chini kabisa huandika jina la nchi kwa Kifaransa, na juu PAR AVION. Kifaransa ndicho lugha rasmi ya Umoja wa Posta Duniani, ulioundwa Bern mwaka 1874, kwa hiyo maneno yaleyale ambayo sisi tuliyaona utotoni kwenye bahasha za wajomba yanasomwa Helsinki na Tokyo. Ni maneno mawili tu, lakini kwayo mtu wa Bwiza anaingia posta ya dunia bila mkalimani.

Kadi zinazokuja hukaa kwenye kopo la biskuti. Hazitundikwi ukutani, maana jua la alasiri lingezifuta. Huzisoma kama anavyosoma mshono wa fundi mwingine: huyu aliandika akiwa amesimama, huyu alianza kwa herufi kubwa, akaona nafasi inaisha, akabana, huyu alikuwa na jambo akaliacha. Wateja wanaosubiri suruali hupewa kopo wapitishe muda. Nimemwona kijana wa bodaboda ameshika picha ya ziwa lililoganda, ameacha simu yake ikilia.

Mwezi uliopita tulipewa anwani ya Polandi. Niliifungua nikakuta mtu hakuandika kitu. Hapakuwa na paka, kazi, wala rangi anayoipenda. Jina na anwani, basi. Nikamwambia Mama, huyu hana vipimo, tumtumie yoyote iliyo tayari. Hakunijibu. Jioni ile hakushona kadi, wala iliyofuata.

Siku ya tatu nilimkuta tayari ameketi. Akauliza, "Nguo ya mtoto ambaye hajazaliwa tunaishonaje?"

"Sijui, Mama."

"Tunaacha akiba."

Akiba ni kile kitambaa cha ziada kinachokunjwa ndani ya mshono, ili mwili ukikua nguo iachiwe. Alikuwa amekata kipande cha marekani, pamba tupu isiyotiwa rangi, iliyokuja Unguja zamani kutoka viwanda vya Marekani na kulibakiza jina la nchi hiyo midomoni mwetu. Akakilaza katikati. Akazungushia pindo la kitenge chekundu, jembamba, na kona zake nne alizigeuza polepole kuliko nilivyowahi kumwona. Mji wa kanga ile ulibaki mweupe. Nilipopewa kalamu nilingoja maneno, naye akayatoa moja moja: "Salamu kutoka Bwiza. Leo mvua ya kwanza imenyesha. Hujasema unapenda nini, kwa hiyo nimeacha katikati wazi."

Ijumaa tulikwenda posta. Dada wa dirishani aliigeuza kadi mara mbili akitafuta picha, kisha akafuta muhuri kwa kitambaa na kuupiga. Tuliporudi barazani Mama Fundi alifungua daftari, akaandika namba na tarehe ya kutuma, akaacha nafasi ya tarehe ya kufika, akaniambia nimsomee anayefuata.